Si kila lisilojulikana ni ghaibu: Mgonjwa wa saratani na mzigo wa kutojua

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mjuzi wa yaliyofichikana na yaliyo dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote walioufuata mwenendo wake mwema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, Ijumaa hii tunapenda kulitazama jambo ambalo limo majumbani mwetu, ingawa mara nyingi tunalitaja kwa kunong'ona. Nalo ni maradhi ya saratani. Hatukusudii kueleza uvimbe unavyoanza wala namna ya kuutibu, kwani hiyo ni kazi ya waganga. Tunakusudia kuizungumzia dhiki moja ya mgonjwa ambayo haionekani kwa darubini ya maabara wala haichomwi kwa mionzi, nayo ni dhiki ya kutojua. Mgonjwa hajui anaumwa nini. Akiambiwa, hajui ugonjwa umefika wapi. Akitibiwa, hajui kama umekwisha au umejificha tu. Na akirudi nyumbani akashika jembe, hajui kama maumivu ya mgongo ya leo ni ya kazi ya jana au ni ugonjwa uliorejea.

Hali ilivyo nchini

Makadirio ya wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2022 yanaonesha kuwa Tanzania hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 25,000. Kwa wanawake, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza, ikifuatiwa na saratani ya matiti.

Ni haki kusema kwamba hatua zimepigwa. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilikuwa ikipatikana mahali pamoja tu, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya zama za Wajerumani. Leo Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza nayo inatoa mionzi, na KCMC ya Moshi imejenga kituo chake cha saratani. Chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa umri wa miaka 9 hadi 14. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Haya yote ni ya kushukuriwa.

Hata hivyo, katika hesabu hizi kuna kitu kinachosahaulika. Tunahesabu mashine, vitanda na dozi za chanjo, lakini hatuhesabu masiku ya kungoja. Wala hatuulizi masiku hayo yanamfanya nini binadamu anayengoja.

Njia ya kutoka Titye

Ili jambo hili lisibaki la maneno matupu, na tulipeleke mahali panapojulikana. Titye imo wilayani Kasulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nchi ya maharage, mahindi na mihogo. Tumfikirie mama mmoja wa huko. Hatumkusudii mtu maalumu, bali kila aliyepita njia hiyo atajitambua.

Mama huyu amekwisha kukoma hedhi miaka kadhaa, kisha anaona damu. Anaona haya kusema. Baada ya miezi anamwambia dada yake, nao wanakwenda zahanati. Anapewa vidonge, anaambiwa arudi. Damu haikomi. Anaandikiwa rufaa kwenda Kasulu mjini, na kutoka hapo kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, iliyoko Kigoma. Huko kinachukuliwa kinyama kidogo kwa ajili ya uchunguzi. Anaambiwa, "Mama, nenda nyumbani, majibu bado."

Hapo ndipo tunapotaka msomaji atue kidogo. Mama amerudi Titye. Majirani wanamwuliza, "Wamekwambia nini?" Hana la kujibu. Mumewe anataka kujua kama auze mbuzi au angoje mavuno. Binti yake wa kidato cha pili anataka kujua kama arudi shule. Kila simu inayolia humshtua moyo. Usingizi hauji, chakula hakishuki. Mwili wake ungali na nguvu za kulima, lakini shamba limelala, kwa sababu hajui kama atakuwapo siku ya kuvuna.

Majibu yakija na yakathibitisha saratani, njia inakuwa ndefu zaidi. Ama apande basi kupitia Kibondo, Kakonko na Nyakanazi hadi Mwanza, au ashuke Kigoma akapande treni ya kwenda Dar es Salaam, kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Hajui atakaa huko wiki ngapi, atalala wapi, wala nani atamchotea maji. Na katika wilaya hiyo hiyo ya Kasulu kuna kambi ya Nyarugusu, ambako mkimbizi mwenye maradhi kama hayo hana budi kwanza kupata kibali cha kutoka nje ya kambi.

Wataalamu wanasema nini

Hali hii ina elimu yake. Mwanazuoni wa uuguzi wa Marekani, Merle Mishel, alitunga kipimo chake mwaka 1981, na mwaka 1988 akaeleza kwa upana nadharia ya kutokuwa na uhakika katika ugonjwa. Alionesha kuwa hali hiyo hutoka katika milango kadhaa: dalili zisizoeleweka, matibabu na taratibu za hospitali zenye utata, upungufu wa maelezo, na mwenendo wa ugonjwa usiotabirika. Alieleza pia kuwa mgonjwa huipokea hali hiyo kwa namna mbili: ama kama hatari, ama kama nafasi ya kutumaini. Na vitu vitatu humsaidia sana: mtaalamu anayeaminika, jamaa wanaomshika mkono, na elimu juu ya ugonjwa wake.

Tafiti nyingi zilizofuata, katika nchi mbalimbali, zimeonesha kuwa kadiri mgonjwa anavyozidi kukosa uhakika, ndivyo ubora wa maisha yake unavyoshuka. Na ubora wa maisha si pumzi tu. Shirika la Afya Duniani linapoupima huutazama mwili, nafsi, mahusiano na watu, mazingira, na hata imani ya mtu. Mtu anaweza kuwa mzima wa viungo na maisha yake yakawa yamekwama. Na anaweza kuwa amedhoofu akawa na utulivu.

Muislamu hana sababu ya kuyashangaa haya, kwani Kitabu chake kimekwisha kumwonesha mtu aliyeishi muda mrefu ndani ya kutojua.

Funzo la Nabii Yakub (A.S.)

Katika Surat Yusuf, Nabii Yakub (A.S.) alipotelewa na mwanawe. Hakuonyeshwa maiti, hakuonyeshwa kaburi, aliletewa kanzu yenye damu ya uongo. Miaka ikapita, naye hajui mwanawe yu hai au amekufa. Qur'an inatueleza (12:84) kwamba alihuzunika hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, Nabii wa Mwenyezi Mungu alilia, na kilio chake hakikuitwa upungufu wa imani. Basi tusimkemee mgonjwa anayelia kwa kumwambia hana subira. Pili, alipolaumiwa na wanawe alijibu kuwa majonzi yake anamshitakia Mwenyezi Mungu (12:86). Alikuwa na mahali pa kuyapeleka yasiyojulikana. Tatu, na hili ndilo tunalolisahau zaidi, hakukaa tu. Aliwaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, na akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mola wao (12:87). Alitafuta habari. Subira yake ilikuwa na miguu.

Ghaibu na majibu yaliyochelewa

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Tunapozungumza na wagonjwa wetu huwa tunasema, "Yote anayajua Mungu." Neno hili ni la kweli, lakini huenda likatumika mahali pasipo pake.

Mwishoni mwa Surat Luqman (31:34) tunafundishwa kuwa hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho, wala itafia ardhi gani. Hiyo ni ghaibu. Daktari haijui, na akiapa kwamba mgonjwa atakufa baada ya miezi mitatu amevuka mpaka wake. Awezalo ni kusema lile ambalo uzoefu wa fani yake unaonesha. Katika sehemu hii mja hana la kufanya ila kuegemea kwa Mola wake, na hapo ndipo tawakkul inapokuwa tamu.

Lakini je, majibu ya maabara yaliyokaa katika droo bila mtu kupiga simu, hayo nayo ni ghaibu? Jina la ugonjwa ambalo kaka na mjomba wanalijua na mgonjwa mwenyewe halijui, hilo nalo ni ghaibu? Nauli, idadi ya siku za mionzi, mahali pa kulala Mwanza, madhara ya dawa kama kunyonyoka nywele na kutapika, hayo yote yanajulikana na watu. Hayakufichwa na Mwenyezi Mungu, yamefichwa na uzembe wetu, haya zetu, au huruma yetu isiyo na elimu. Kumtwisha mgonjwa mzigo huo kisha tukauita kadari ni kuidhulumu kadari na kumdhulumu mgonjwa.

Kumficha mgonjwa jina la maradhi yake

Familia nyingi humwomba daktari asimwambie mgonjwa. Nia yao ni njema. Wanasema, "Akijua atakufa kwa hofu." Lakini mgonjwa ana macho. Anaona wageni wanavyoongezeka, anaona mazungumzo yanavyokatika anapoingia. Anajua kuna jambo, asichojua ni kipimo chake. Na hofu isiyo na kipimo ni kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Zaidi ya hayo, tunampokonya haki yake ya kidini. Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia apitishe usiku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Mgonjwa ana madeni, ana amana za watu, ana aliyegombana naye. Atayatengeneza vipi ikiwa tunamwambia kila siku kuwa ana vidonda vya tumbo?

Tumtazame Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.). Mwaka wa Hija ya Kuaga aliugua sana mjini Makka, akadhani ni kifo. Mtume (S.A.W.) alipokwenda kumzuru, Sa'd alimwambia kuwa ana mali na hana wa kumrithi ila binti mmoja, je, aitoe sadaka theluthi mbili? Akakatazwa. Nusu? Akakatazwa. Akaruhusiwa theluthi, na akaambiwa hata hiyo theluthi ni nyingi, kwani kuwaacha warithi na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Kisha Mtume (S.A.W.) akamwombea shifaa, na akamtia matumaini kwamba huenda akaishi wapate kunufaika naye watu.

Tazameni hekima hiyo. Mtume (S.A.W.) hakumwambia "huumwi," wala hakumwambia "umekwisha." Alizungumza naye wasia waziwazi, na papo hapo akauacha mlango wa uhai wazi. Na Sa'd aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya siku ile, akaongoza jeshi la Qadisiyya, akapata watoto wengine. Hadithi yenyewe tumeipata kwa njia ya mwanawe Amir, naye ni miongoni mwa watoto ambao mgonjwa yule hakujua kuwa atakuja kuwapata.

Nchini kwetu, Rais mstaafu Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofariki tarehe 29 Februari, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan aliutangazia umma kuwa maradhi yaliyomwondoa ni saratani ya mapafu. Ugonjwa ulitajwa kwa jina lake, na heshima ya mzee wetu haikupungua hata chembe. Ikiwa hivyo ndivyo kwa aliyekuwa mkuu wa nchi, kwa nini mkulima wa Titye aone kuwa jina hilo ni aibu?

Wanaouza uhakika

Mtu aliyechoka kutojua hununua uhakika popote unapouzwa. Tulijionea mwaka 2011, pale maelfu kwa maelfu ya watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Walitoka mikoa ya mbali na hata nchi jirani, na wapo waliokufa njiani na kwenye foleni. Waliokwenda hawakuwa wajinga. Walikuwa wagonjwa waliochoka kuambiwa "subiri," wakasikia sauti inayosema "utapona."

Kwetu Waislamu jambo hili lina hatari zaidi, kwani wapo wanaopiga ramli na kudai kujua nani kaloga na lini mgonjwa atapona. Huyo anadai kuijua ghaibu, naye huchukua imani ya mtu pamoja na mbuzi wake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia ponyo. Fundisho hilo ni amri ya kutafuta tiba mahali pake, na mapema, kwani saratani nyingi zikigunduliwa mwanzoni hutibika.

Kutojua ndani ya ibada

Lipo jingine ambalo maimamu wetu hawana budi kulifafanua. Mama mwenye damu isiyokoma wakati mwingine huacha swala kwa miezi, akidhani hana tohara. Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) alimwuliza Mtume (S.A.W.) suala kama hilo, naye akabainishiwa kuwa damu ya istihadha si hedhi na haimzuii mtu kuswali. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wameeleza kuwa atajisafisha, atajifunga vizuri, atatia udhu wakati wa swala ya faradhi ukiingia, kisha ataswali. Na damu baada ya kukoma hedhi ni dalili ya kumkimbiza mama kwenye kipimo, si ya kuonea haya.

Ama saumu, Qur'an imempa mgonjwa ruhusa ya kula (2:184-185). Anayetarajiwa kupona atalipa siku zake, na yule ambaye waganga waaminifu hawatarajii apone atamlisha maskini mmoja kwa kila siku. Msomaji ataona kuwa hukumu yenyewe inategemea kuijua hali ya ugonjwa. Basi anayemficha mgonjwa ukweli amemfunga asijue hata namna ya kuiendea Ramadhani.

Nini kifanyike

Kwanza, kwa familia. Mgonjwa asiende hospitali peke yake. Aende na mtu anayejua kuandika, na maswali yaandikwe nyumbani: Ugonjwa unaitwaje? Umefika wapi? Majibu yatatoka lini, na tumpigie nani? Tiba itachukua siku ngapi? Tutajuaje kama inafanya kazi? Daktari mwema hachukii kuulizwa. Na mgonjwa aulizwe kwa upole anataka kujua kiasi gani, kisha apewe kiasi hicho, bila uongo.

Pili, kwa misikiti. Kuzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya Muislamu. Lakini ziara isiwe ya kumtazama tu na kumhadithia waliokufa kwa ugonjwa kama wake. Kamati ya msikiti inaweza kuweka kisanduku cha nauli, na kuwa na orodha ya Waislamu wa Mwanza na Dar es Salaam walio tayari kumpokea mgeni mgonjwa. Nyanda hizi tunaishi na Wakristo nyumba kwa nyumba, na maradhi hayaulizi dini. Mlango huo uwe wazi kwa jirani pia.

Tatu, kwa serikali na watumishi wa afya. Simu ipo katika kila kijiji. Mgonjwa anayechukuliwa kinyama apewe tarehe ya majibu, na majibu yakichelewa aambiwe kuwa yamechelewa. Zahanati iliyomwandikia rufaa nayo ipate taarifa, ili mama asisafiri hadi Kigoma kwenda kuambiwa "njoo wiki ijayo." Hili halihitaji mashine ya mabilioni.

Nne, kwa wale ambao ugonjwa wao umefika mbali. Kusema hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa si kusema hakuna tiba. Maumivu yana dawa, ikiwemo mofini ya maji inayotolewa kwa usimamizi wa daktari, na wanazuoni wameruhusu dawa za namna hiyo pale zinapohitajika. Tusimwache mtu alie usiku kucha kwa kudhani kuwa mateso ni sehemu ya lazima ya subira.

Ndugu zetu katika imani, hatuwezi kumwondolea mgonjwa kila asilolijua. Sehemu ya Mwenyezi Mungu itabaki kuwa ya Mwenyezi Mungu, na humo mna faraja yake, kwa sababu aliyeificha kesho ndiye Mwingi wa Rehema. Lakini sehemu yetu ni deni juu yetu. Mama wa Titye akishajua anaumwa nini, anakwenda wapi, lini, na nani atakuwa kando yake, kilichobaki atakipeleka kwenye sijida yake mwenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape utulivu wanaongoja majibu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa watu wa kupunguza mizigo. Amin.

Wabillahi tawfiq.